Mabaki ya Mkononi

Mjukuu wangu wa kike, Agape, alipewa kichwa cha shule na mikono isiyoshika kalamu. Viganja vyake vilikauka na kupasuka kama tope la ufukweni ziwa linaporudi nyuma. Akikunja vidole mipasuko inafunguka, damu inatoka. Akiandika ukurasa mmoja, daftari lina madoa. Mwaka ninaouzungumzia alikuwa darasa la saba, na mtihani wa kwenda sekondari ulikuwa Septemba. Kwa hiyo ukinisikia nalalamika juu ya madaktari na makopo yao, ujue nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: mikono ya kushika kalamu ifikapo Septemba.

Agape alizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, maana mwanangu Merina aliolewa huko na mvuvi wa Baraka, jina lake Jean. Vita ilipoanza, Merina na watoto wakavuka ziwa kwa boti ya mizigo. Jean alibaki nyuma kufunga nyumba, hatukumsikia tena. Serikali ikawapeleka kambini. Siku moja Merina akapata ruhusa, akaja Ujiji kuniletea Agape. Akaniambia, "Mama, huyu mdogo, Feliksi, nitakaa naye mimi. Huyu mkubwa msomeshe." Basi nikajua nimepewa kazi.

Miaka ile kila nyumba ya Ujiji ilikuwa na mgeni amelala ukumbini. Wengine ndugu wa damu, wengine ndugu kwa sababu babu zetu walitoka kijiji kimoja huko Kongo kabla hata ya Mjerumani. Na watu wakijaa, maneno nayo hujaa. Mtu akikohoa, ni kikohozi cha wakimbizi. Mtu akijikuna, ni upele wa wakimbizi. Watoto wa shule wakaiita mikono ya Agape mikono ya kambini, wakati mtoto mwenyewe kambini hakukaa sana, na mimi bibi yake, niliyezaliwa hapa hapa, nilikuwa na ugonjwa ule ule viwikoni na nyuma ya magoti tangu usichana wangu. Mwalimu wao wa darasa, Pastory, akamweka dawati la peke yake, nyuma, karibu na mlango. Nikaenda kumuuliza. Akanijibu kwa adabu kwamba yeye hamchukii mtoto, ila wazazi wamemjia juu, wanasema ule ni ukoma.

Hospitali nilikwisha kwenda mpaka viatu vikaisha soli. Kulikuwa na dawa ya tyubu, ikimkausha kidogo, halafu ugonjwa unarudi na nduguze. Mara dawa imekwisha, mara imepelekwa kambini kunako wagonjwa wengi zaidi. Sikuweza kuwalaumu, mwanangu yuko huko. Lakini kurudi nyumbani mikono mitupu kunachosha.

Ndipo akaja Daktari Theophil, mtu wa Moshi, mrefu, mpole, anayevaa viatu vya kuziba hata kwenye mchanga. Alipewa chumba katika zahanati ya mtaani kwetu. Alikuja na darubini ya kutazamia vidudu na sanduku la barafu, akapewa nesi wa hapa hapa, Sista Selina. Tangazo likasomwa kanisani na msikitini: mwenye ngozi inayowasha na kupasuka aje, ugonjwa unafanyiwa utafiti.

Tulipofika, Sista Selina alitukwangua ngozi kwa wembe, unga wake ukaangukia kwenye kipande cha kioo, akaudondoshea dawa, Daktari akainamia darubini. Kisha wakanichoma ganzi wakanikata kinyama kidogo kama punje ya mchele, wakakitia kwenye kichupa chenye maji makali yanayochoma pua, kiende maabara kubwa kwa treni. Agape naye akakatwa. Hakulia, alikuwa anamuuliza Daktari darubini ile inakuza mara ngapi na kioo chake kimesagwa na nani. Daktari akacheka, akamwachia atazame. Na mimi nikatazama. Niliona magamba yamelaliana, kama ya samaki mgebuka.

Majibu yakachelewa. Kila Jumatatu nakwenda, naambiwa mvua imekata reli. Jumatatu nyingine reli imeungwa lakini kichupa kimevunjika njiani, kata tena. Tukakatwa tena. Mwishowe Daktari akatuita akasema sio ukoma. Sio kuvu. Hakuna mdudu wa kuambukiza mtu. Akasema ni pumu ya ngozi, ni kitu kinachotembea ndani ya ukoo kama urefu au upara. Nilifurahi nikamwomba Sista Selina aende shuleni akaseme hivyo hivyo. Akaenda. Mwalimu Pastory akamshukuru sana, akasema habari hiyo ni njema na atawafikishia wazazi. Agape akabaki palepale karibu na mlango.

Baada ya hapo ndipo yakaja makopo.

Daktari alitukusanya wagonjwa wote kwenye baraza ya zahanati. Akasema ipo dawa mpya ya kupaka. Wanadhani inatibu, lakini kudhani sio kujua, na kujua ndiko kulikomleta Kigoma. Kwa hiyo nusu yetu tutapewa makopo yenye dawa, na nusu makopo ya mafuta matupu, rangi moja, harufu moja. Kila kopo lina namba kwenye kifuniko, na kura imepigwa na mashine huko Dar es Salaam. Kila mtu ajipake cha kwake, asubuhi na jioni, asimpe mwenziwe hata tone. Mwisho wa mwezi turudishe makopo yapimwe.

Jirani yangu Mwanvua alikuwa na ugonjwa ule shingoni, na mdomo wake haujawahi kuumwa. Akauliza ni nani waliopewa mafuta matupu. Daktari akasema hajui.

"Hata wewe?"

"Hata mimi, mama. Nikijua, macho yangu yatapendelea."

Mwanvua akanigeukia. "Mama Merina, tumeletewa mpishi asiyejua chungu kipi kina nyama."

Baraza zima likacheka, na Daktari naye akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nayaangalia makopo mawili mapajani mwangu, la kwangu na la Agape, mapya, meupe, hayana tofauti yoyote ila namba, nikajiuliza lipi lina Septemba ndani yake.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo Daktari hakulijua, wala sisi hatukumwambia, maana nani anamweleza mtu jinsi ya kuvuta pumzi? Kwetu mtu hajipaki mafuta mbele ya mwenziwe mwenye ngozi kavu. Ukitoka kuoga unajimiminia mafuta ya mise, yale ya kokwa la mchikichi, unajipaka, kisha unapitisha chupa. Kama chupa imekwisha, yale yaliyobaki viganjani hayafutwi kwa kitambaa. Unamvuta mtoto aliye karibu, wako au wa jirani, unampaka miguuni. Watoto wa Ujiji tumekua hivyo, tunang'aa kwa mabaki ya mikono ya watu. Mgeni akivuka ziwa anapewa maji ya kuoga, anapewa mafuta, ndipo anapewa chakula. Kumwacha mgeni na ngozi ya majivu wewe unateleza, ni heri umnyime ugali.

Haikuchukua muda viwiko vyangu vikaanza kulainika. Viganja vya Agape, hakuna. Basi nikifika mwisho wa kujipaka, mabaki nampaka yeye viganjani. Sikukaa chini kufikiri, mkono wenyewe ulikwenda. Mwanvua akaja kuazima ungo akaona.

"Kumbe lako ndilo," akasema. Akalitazama kopo langu kama mtu anayemtazama mwizi wake sokoni. "Langu nadhani ni mafuta ya kulainishia baiskeli. Na nina mgeni ndani, ana mtoto mchanga, mashavu yamechanika kama muhogo uliokauka. Huyo hata kopo hakupewa, eti watu wa kambini wanahamahama. Nyumba yako imebahatika. Ya kwangu je?"

Ijumaa ile, wanaume walipokuwa msikitini na wengine ziwani, wanawake tulikutana uani kwa Mwanvua, kila mmoja na kopo lake. Tukayamimina yote kwenye sufuria yake, tukakoroga, tukagawana kwa upawa, wenye namba na wasio na namba. Hakuna aliyeona haya. Tulikuwa tunatoa haki ambayo mashine ya Dar es Salaam haikuitoa.

Na ilifaa. Kidogo kidogo, kwa kila mtu kidogo, maana dawa ilikuwa imezimuliwa. Mtoto wa mgeni mashavu yakaziba. Agape mipasuko ikajifunga, akaandika ukurasa mzima, akanifunulia daftari. Jeupe. Nikalishika daftari lile kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Mwisho wa mwezi tukapeleka makopo. Sista Selina akafungua la kwanza, akalitazama, akalifunga. Akafungua la pili. Akamwita Daktari. Dawa iliyotoka nyeupe ilikuwa imerudi na rangi ya kiini cha yai. Daktari akafungua jingine na jingine, yote kiini cha yai.

"Hiki ni nini?" akauliza.

Mwanvua akasema, "Ni sufuria yangu, Daktari. Niliisugua kwa jivu, lakini mawese hayasikii jivu."

"Kwa hiyo mmechanganya."

"Tumegawana."

Afadhali angetukana. Alikaa kwenye benchi letu la wagonjwa, katikati yetu, akaweka kopo gotini. Akatueleza taratibu kwamba sasa hakuna nusu na nusu. Wote tumepona kidogo, kwa hiyo hawezi kusema ni dawa iliyotuponya, au ni mvua zilizonyesha, au ni mawese ya Mwanvua. Baadaye alipeleka makopo yale maabara, majibu yakarudi kwamba yote ni kitu kimoja. Wakubwa wake wakaamuru afunge kazi na kukusanya dawa.

Nilimfuata chumbani kwake. Nilimwambia sisi tunajua kwamba inatibu, tumeiona kwa macho, ampe Agape kopo moja tu la kweli mpaka Septemba. Akasema hajui la kweli ni lipi, na hata angelijua, dawa ambayo haijathibitishwa hawezi kuigawa kama njugu. Nikasema imethibitishwa mikononi mwa mjukuu wangu. Ndipo akanitazama, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akasema:

"Bibi, mngeniacha nimalize, ingeletwa kwa kila mtu. Kambini pia. Sasa nitawaambia nini, kwamba nina sufuria?"

Nilitoka pale nina hasira na yeye, na hasira na Mwanvua, na hasira na mashine, na hasira zaidi kwa sababu maneno yake yalikuwa na ukweli ndani na sikuona pa kuuweka. Mikono ya Agape ikarudi kupasuka. Madoa yakarudi kwenye daftari.

Tulipokwisha kukata tamaa, Daktari akaita tena baraza. Alikuwa amewabembeleza wakubwa wake kwa simu na kwa barua mpaka wakampa nafasi moja. Tunaanza upya, kura mpya, makopo mapya. Mara hii kila mtu aahidi mbele ya wenziwe kwamba cha kwake ni cha kwake. Utafiti ukiisha, wote waliopata mafuta matupu watapewa dawa. Nikauliza unaisha lini. Akasema Oktoba.

"Mtihani ni Septemba," nikasema.

"Najua, Bibi."

Nikamwomba basi nyumba moja ipewe kopo la aina moja, ili tusitazamane. Akasema hata yeye aliwaomba wakubwa wake hivyo, wakamwambia utafiti ukishaandikwa haubadilishwi. Nikamwomba mimi anipe mafuta matupu, niko tayari, nimezeeka na magamba yangu, mtoto apewe ya kweli. Akatikisa kichwa tu. Mtu anaweza kubisha kila mlango katika nyumba na kukuta yote imefungwa na watu wema.

Mwanvua akasimama akasema yeye ajitoe. Hakukasirika, alisema kama mtu anayekataa kuongezewa chai. "Mimi nina mgeni ndani. Siwezi kujipaka anaponitazama, na siwezi kuahidi uongo. Nifute." Akaenda zake na shingo yake. Wengine wawili watatu wakamfuata. Mimi nilinyanyuka niwafuate, Agape akanishika kanga.

"Tukubali, Bibi," akasema. "Pengine safari hii ni mimi."

Nikakaa. Nikaahidi mbele ya watu. Darasa la nne nilifika, nikaandika jina langu mwenyewe kwenye karatasi yao ya ahadi, Marsiana, herufi moja moja.

Sijui kama wewe msomaji umewahi kuifuata bahati kwa macho ukaiona inakupita mlangoni na kuingia kwa mtu asiyeihitaji. Viwiko vyangu vililainika upesi kuliko mara ya kwanza, maana sasa dawa haikuzimuliwa. Magoti yakawa ya msichana. Mwanvua alipoona akasema, "Haya, jiandae, nitakutafutia mchumba." Na Agape asubuhi na jioni anafungua kopo lake, anapaka polepole, kila kidole, anafunga. Mipasuko iko palepale. Anapaka tena kesho yake. Hakuruka hata mara moja. Hilo lilinichoma kuliko angelitupa kopo ziwani.

Jioni moja nilishindwa. Nilikuwa nimemaliza kujipaka, mabaki yanang'aa viganjani, naye kakaa mkekani anajisomea jiografia, daftari kalishika kwa kucha ili kiganja kisiguse.

"Leta mkono," nikamwambia.

Akainua macho, akaificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Uliahidi, Bibi."

"Niliahidi kutokupa kopo. Haya si kopo, haya ni mabaki."

"Daktari alisema hata tone. Feliksi naye viganja vimeanza kupasuka. Mama ameagiza maneno kwa mtu aliyetoka kambini. Wakifunga tena utafiti, hatapata dawa."

"Feliksi hana mtihani Septemba. Wewe unao."

"Siku moja atakuwa nao," akasema, akarudia kitabu chake.

Basi ungefanya nini? Ningemkamata kwa nguvu? Nilibaki nimesimama na viganja vyangu viko juu kama mchungaji anayetoa baraka, yanadondoka mafuta ya dawa na sina mtoto wa kumpaka. Kuyafuta kwa kitambaa sikuweza, hiyo mikono yangu haijui. Nikageuka nikayapaka kwenye mwimo wa mlango, ule mti wa kushoto ukiingia. Nikausugua kwa hasira toka juu mpaka chini, kama wana wa Israeli na damu ya kondoo wao, ila mimi sikuwa naepusha msiba wowote, ulikwisha ingia ukakaa mkekani unasoma jiografia.

Tangu jioni ile ikawa desturi. Kila nikijipaka, mabaki kwenye mwimo. Mti ule ulikuwa mkavu na umepasuka, umekula jua na mvua toka enzi ya marehemu mume wangu. Ukaanza kulainika. Nyufa zikajaa. Mwanvua akipita anaupapasa, anasema, "Ngozi ya mlango wako inang'aa kuliko ya bibi harusi." Nilimwambia asinichekeshe. Wiki zikaenda, mlango unapona, mtoto anatoka damu.

Septemba ikafika. Asubuhi ya mtihani nilichana kanga kuukuu vipande vyembamba, nikavichovya kwenye mafuta ya mise, nikamfunga Agape vidole kimoja kimoja, nikaacha nafasi ya kalamu. Nilimsindikiza mpaka uzio wa shule. Msimamizi alikuwa mgeni, mwalimu kutoka shule nyingine kama ilivyo taratibu, akaviona vile vitambaa, akasema vifunguliwe, huenda vimeandikwa majibu ndani. Mwalimu Pastory, nimpe haki yake, alijitokeza kumweleza kwamba mtoto ni mgonjwa na ugonjwa wake hauambukizi, maabara imesema. Sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia ikipanda namna ile. Msimamizi akasema yeye anafuata maagizo. Vitambaa vikafunguliwa, vikakunjuliwa juu ya meza, havikuwa na neno lolote. Lakini havikufungwa tena, kengele ilikwisha lia.

Jioni Agape akarudi, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi, akatia mikono kwenye maji. Nikamuuliza. Akasema lugha zimekwenda vizuri. Kwenye hisabati maswali ya mwisho aliyajua, ila hakuyafikia, alikuwa anasimama kila mara kufuta karatasi isichafuke.

Oktoba utafiti ukaisha, na bahasha yenye siri ya namba ikafunguliwa Dar es Salaam. Dawa ikaonekana kweli ni dawa. Waliopaka yenyewe walipona, waliopaka mafuta matupu hawakupona, tofauti ilikuwa wazi kama mchana na usiku. Sista Selina alikuja mbio kwangu na kopo la Agape mkononi, jasho linamtiririka, amefurahi. Na baada ya muda mfupi Agape akawa na viganja ambavyo sikuwahi kuviona toka azaliwe, laini, vyekundu kidogo katikati, vimechorwa mistari kama vya mtu yeyote. Makopo mengine yakapakiwa kwenda kambini. Feliksi alipata la kwake. Mwanvua hata yeye alipewa, pamoja na mgeni wake, na akajipaka shingo hadharani, kwenye baraza yake, kila mtu amwone.

Majina ya waliochaguliwa yakabandikwa ukutani kwenye ofisi ya elimu. Nilisoma mimi mwenyewe kwa kidole, toka juu mpaka chini, halafu nikaanza tena juu. Kwa shule yetu walichukuliwa wachache, wasichana wachache zaidi, na Agape hakuwemo. Wakati ule hata mwenye mikono mizima aliachwa. Kwa hiyo sijui. Nimekwisha geuza jambo hili kila upande na sijui. Angekuwa Agape mwingine, akili ile ile, amepakwa kopo la kweli, akakaa kwenye dawati la pili, ningeweza kulinganisha kama Daktari alivyolinganisha. Lakini nilikuwa na Agape mmoja tu.

Kabla hajarudi Moshi, Daktari Theophil alipita kuniaga. Alisimama mlangoni, akaniamkia shikamoo, nikamwitikia. Agape alikuwa uani anachambua dagaa, kwa mikono yake mizuri. Daktari akasema kwa sauti ya chini kwamba amesikia habari za mtihani na anasikitika. Akasema pia kwamba bila watu kama Agape dawa ile isingethibitika, na kwamba watoto wengi sana watashika kalamu kwa sababu yake. Maneno mazuri. Nilijua ni ya kweli. Nilitamani yawe ya uongo ili nipate kumfukuza.

Alipokuwa anasema aliegemea mwimo. Mkono ukateleza. Akautazama mti, akapitisha vidole juu mpaka chini, kisha akanusa, maana daktari ni daktari.

"Bibi, huu mlango mmeupaka nini?"

"Dawa yako," nikamwambia. "Mabaki ya mkononi, kila asubuhi na kila jioni, toka Julai mpaka Oktoba. Mti haukuwa na namba, nikaona hautaharibu utafiti."

Alitazama mwimo, akatazama uani alikokaa Agape, akatazama mwimo tena. Niliona anapiga hesabu za kwake, na mara hii hakuhitaji mashine. Nilimpa kigoda, nikamwita Agape alete maji ya kunawa, maana mgeni ni mgeni hata kama ameuvunja moyo wako kwa taratibu zote.

Agape akaja na beseni. Akapiga goti, akamwamkia. Daktari bado alikuwa na mkono wake hewani, vidole vinang'aa, hajui pa kuupeleka, na mtoto yuko mbele yake, miguu ina vumbi la dagaa mpaka magotini. Nilingoja. Mtu yeyote wa Ujiji angejua la kufanya.

Akatoa leso mfukoni, akafuta.